Boma Lisilo na Mbogo

Laare nzima kulikuwa na Mbogo mmoja tu. Ukishuka sokoni, katikati ya wanunuzi wa miraa na pikipiki zao na majani ya mgomba yaliyotapakaa kila mahali, ukauliza kwa Mbogo ni wapi, hakuna ambaye angekurudishia swali. Yeyote angenyoosha kidole: panda hivi, pita kanisa, ukiona miti mizee ya miraa iliyopinda mashina, umefika. Akina Riungu walijaa tele, akina Muthamia ndio usiseme, na ukiita Karambu kwenye lango la shule wasichana wanageuka kundi zima. Mbogo alikuwa mmoja, yeye na watoto wake watano, ambao walilibeba jina hilo nyuma ya majina yao kama mtu anayepita sokoni na godoro kichwani. Kila mtu anakutazama.

Wamuyu, binti yake wa kwanza, alilichukia jina hilo tangu darasa la kwanza. Mwalimu akiliita tu, mtoto mmoja hakosi kuweka vidole kichwani akawa na pembe. Na jina lake mwenyewe halikumwokoa, maana Wamuyu naye alikuwa peke yake kilima kizima. Kwa watu wa Laare mtoto aliweza kupewa jina la jirani mwema, au la rafiki wa baba, au la mama aliyesaidia usiku wa kujifungua, na majirani walikuwa na neno katika jambo hilo. Mbogo hakumsikiliza jirani yeyote. Kila mtoto alipozaliwa alitamka jina mara moja, akatoka nje kukata kuni. Munyi. Riungu. Wamuyu. Karambu. Kithaka. Riungu na Karambu walieleweka, kwa kuwa ni baba na mama wa mkewe Makandi. Hayo mengine watu walisema, basi, mgeni anapenda majina ya kwao, mwacheni. Hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Mgeni alikuwa kweli. Alitokea Gachoka, huko Mbeere, mwaka ule wa njaa wa mahindi ya njano, uhuru ukiwa bado mchanga. Alifika na shuka moja na fimbo ya mchungaji, bila mfugo wowote. Alipanda miti ya miraa ya watu akiwachumia, mpaka mzee Riungu akampenda kwa bidii yake, akampa binti, akampa na mahali pa kupanda miti yake mwenyewe. Mzee alitaka pia kumpa jina la Laare, aingie ukoo kabisa, apumzike na ugeni. Mbogo alipokea shamba, akapokea mke, jina akalikataa.

"Mtu akija kunitafuta," alisema, "ataniulizia kwa jina gani?"

Walicheka wote, na kwa miaka mingi maneno hayo yakawa mzaha wa mji ule. Kuku akipotea, mtu anauliza alikuwa anaitwa nani. Mbogo alicheka nao. Lakini Makandi, ambaye alilala naye nyumba moja, alijua kwamba gari geni likisimama pale barabarani mumewe huacha kutafuna miraa.

Tangu Wamuyu alipoanza kutembea, baba yake alimwita maitu, yaani mama. Yeye alidhani ni kubembelezwa tu, kama wazazi wengine wanavyosema malaika au roho yangu. Kipande cha kwanza cha nyama alipewa yeye, jambo lililowakera kaka zake. Akikosea, kaka zake wakichapwa, yeye aliachwa. Munyi alilalamika siku moja, na baba akamjibu kwa mshangao wa kweli, "Sasa unataka nimpige maitu?" Ikaishia hapo. Wamuyu alikua akiamini anapendwa kuliko wenzake, na hata alipohamia Maua, akafungua duka la kushona sare za shule, akaolewa, akazaa, hakuacha kujivunia hilo kimoyomoyo.

Kisha mzee akaugua. Ni ule ugonjwa wa kifua unaommaliza mtu polepole, na daktari aliwaambia Makandi na wanawe wampeleke nyumbani akae na watu wake. Wamuyu alipopanda Laare kumwona, alimkuta kwenye kitanda walichomtolea nje chini ya miti yake, amefunikwa blanketi, macho yako barabarani.

"Maitu," alisema, "nataka uende Gachoka."

Tangu azaliwe, Wamuyu hakuwahi kumsikia akilitamka jina la mahali hapo bila kuulizwa. Akaketi. Naye mzee akamweleza, akipumzika kila baada ya maneno machache. Mwaka ule wa njaa baba yake alimkabidhi ng'ombe wote wa nyumbani, awapeleke mbali kutafuta majani. Walikufa mmoja mmoja njiani. Wa mwisho alipolala chini asiinuke, Mbogo alisimama pale akawaza uso wa baba yake, na miguu yake ikashika njia ya upande wa pili.

"Lakini, Baba, ng'ombe wa njaa," alisema Wamuyu. "Nani angekulaumu miaka yote hii?"

"Aibu ya ng'ombe iliisha mapema. Nikabaki na aibu ya kuchelewa. Hiyo kila mwaka inaongezeka." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Sasa sikia. Kwetu, mtu akizaa, ndugu yake hupata jina katika watoto. Kama kuna mtoto aliyepewa jina langu, basi hawakunifuta. Kama hakuna, walinifuta. Nenda uone kama kuna Mbogo aliyeitwa kwa ajili yangu. Nataka kujua kabla sijaondoka."

"Nikaulize nyumba ya nani?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa mlango wa nyumba yake mwenyewe uko wapi. "Wewe wataje tu, wewe na ndugu zako. Watakujua."

Wamuyu alidhani ni homa inayosema. Alimfunika miguu, akambusu kichwa, na Jumamosi ile ile akashika safari akiwa na hakika moja tu mfukoni. Mbogo ni jina la nadra, na mwenye jina la nadra hapotei.

Gachoka ilimpokea kwa jua na vumbi jekundu. Palikuwa na miiba, mashamba ya ndengu, na magunia ya muguka barabarani, ile miraa ya majani ambayo kwao Laare watu huisema vibaya hata kabla ya kuionja. Aliingia duka la kwanza, akanunua soda, akauliza kwa adabu kama wanamjua mtu yeyote wa jina la Mbogo.

Mwenye duka aliweka chini kalamu yake. "Mbogo gani sasa, madam? Mimi mwenyewe ni Mbogo. Huyo anapima muguka hapo nje ni Mbogo. Kuna Mbogo wa Posho, kuna Mbogo wa Ng'ombe, kuna Mbogo Mrefu, na ule mfupi hatumwiti Mfupi, anakasirika. Wewe unataka gani?"

Wamuyu aliishika chupa asiinywe. Jina alilochekewa utoto mzima, jina lililokuwa pembe kichwani mwake, hapa lilikuwa limezagaa kama mawe. Alitaka kucheka, na karibu alie.

Mwenye duka alikuwa mtu mwema. Alimtafutia mahali pa kulala kwa shemeji yake, na kesho yake Jumapili akamfikisha kwa katekista wa kanisa, mtu mmoja mnene mwenye sauti, aitwaye Muturi. Misa ilipokwisha, Muturi akasimama mbele na tangazo.

"Tuko na mgeni kutoka Meru, huko juu kabisa Laare. Anatafuta watu wa Mbogo. Mwenye kuitwa Mbogo asimame, tafadhali."

Wakasimama. Wazee wawili kwenye benchi la mbele, wanaume wa makamo, vijana wa kwaya, mmoja aliyekuwa ameshika mtoto, na huyo mtoto, alisema babake huku kanisa likiangua kicheko, naye pia ni Mbogo, ila hajajua kusimama. Wamuyu aliwatazama kutoka kwenye kiti cha mgeni. Baba yake alikuwa amekaa peke yake na jina hilo kilimani kwa watu zaidi ya miaka arobaini, na hapa wangeweza kujaza kanisa. Moyo ulimuuma kwa ajili yake. Laiti angekuwepo dakika hiyo, asimame nao tu, asiwe na la kueleza.

Walikutana nje, kando ya tangi la maji, naye akamwuliza kila mmoja swali lile lile: uliitwa kwa ajili ya nani? Nao walijua, kila mmoja wao, bila kufikiri. Huyu aliitwa kwa babu yake mzaa baba. Yule kwa babu yake mzaa mama, aliyekuwa fundi wa mizinga ya nyuki. Wa kwaya waliitwa kwa babu mmoja, wakiwa watoto wa ndugu wawili. Mmoja aliitwa kwa ajili ya ami yake, na Wamuyu akashtuka, lakini huyo ami alikuwa hai, na alikuwa amesimama pale pale akitafuna muguka.

"Hakuna aliyeitwa kwa mtu aliyepotea?" aliuliza. "Aliyekwenda na ng'ombe mwaka wa njaa?"

Walitazamana. Walitaka kusaidia, ilionekana, lakini kila mmoja alisema hapana. Wakamuaga kwa heshima, wakatawanyika kwenda kula. Wamuyu alibaki kando ya tangi akiwa na jibu lake. Hakuna. Angepanda nalo hadi Laare, angekaa ukingoni mwa kile kitanda, halafu angesema nini?

Kulikuwa na mama mzee ambaye hakuondoka na wenzake. Alikuja ametegemea mwamvuli uliofungwa, akaketi kwenye saruji ya tangi bila kukaribishwa.

"Mimi ni Virginia," alisema. "Umeuliza watu wote majina yao. Wewe hatujakuuliza. Unaitwa nani?"

"Wamuyu, cucu," alijibu, akimwita bibi kwa heshima.

"Wamuyu? Na ni wa Meru?" Mama mzee alimkodolea macho. "Hiyo jina ulipewa na nani?"

"Baba. Ndiye alitupa sote."

"Wewe ni wa kwanza?"

"Wa kwanza kwa wasichana."

Virginia aliuweka mwamvuli chini. "Hebu nitajie wote. Kwa kufuatana, vile mlizaliwa."

Wamuyu aliwataja kwa uchovu, kama anavyowataja akijaza fomu za hospitali. Munyi. Riungu. Yeye Wamuyu. Karambu. Kithaka.

"Riungu na Karambu ni watu wa mama yako," alisema Virginia. Wala hakuwa anauliza.

"Ndio. Umejuaje?"

"Watoe hao." Mkono wa mama mzee ulikuwa umemshika kiwiko. "Wabaki wetu. Mwanangu wa kwanza anaitwa Munyi, kwa baba ya bwana yangu. Msichana wangu wa kwanza anaitwa Wamuyu, kwa mama yake. Na bwana yangu, Mungu amlaze, alikuwa Kithaka. Alikuwa na ndugu mmoja pekee. Alienda na ng'ombe ya mzee, hakurudi."

Hapo ndipo Wamuyu alipoelewa. Kijana wa kwanza, baba wa baba. Msichana wa kwanza, mama wa baba. Wa kufuata baada ya wakwe, ndugu. Mtu yeyote wa Gachoka, hata mtoto wa shule, angesikia mpangilio ule na kujua ni boma gani. Baba yake alikuwa amelitaja kwao kila walipozaliwa, akadhani amewaambia. Nao, watoto wa Laare, walikua na majina yale wakiyaona ya ajabu tu. Na yeye aliyejiona kipenzi, kumbe kweli alikuwa mama. Ndiyo maana hakuchapwa.

"Cucu," alisema pole pole, "kwa nini basi hamkumpa? Ulizaa wavulana watatu?"

"Wanne."

"Wa tatu si angeitwa Mbogo?"

"Angeitwa." Virginia alitazama upande wa nyumbani kwake, ng'ambo ya shamba la ndengu. "Niko kitandani na mtoto, wamama wako nje wanangoja jina, wapige vigelegele. Bwana yangu anasema, huyu ni Mbogo. Mama yake akaingia, akaweka mkono hivi, mlangoni. Akasema hapana. Akasema, mkimpa mtoto jina yake mtatosheka, mtaacha kumngoja. Mbogo ako na miguu. Atakuja, amwone wa jina yake kwa macho, ndio apewe. Huyo mtoto tukamwita Njiru, rafiki ya baba yake. Wa nne akakataa tena. Na wajukuu vile vile, mpaka akafa, na akifa akatuachia hiyo neno: jina ya Mbogo msiguse. Hatujagusa. Umeona hawa watu wote wamesimama kanisani? Hapa Gachoka kila boma iko na Mbogo. Yetu ndio haina."

Wamuyu alijifunika uso kwa kanga yake.

"Alimtafuta?" aliuliza akiwa ndani ya kanga.

"Kila mtu akitoka upande wa Meru, alikuwa anamuuliza: hujaona kijana wangu, Mbogo? Wanamcheka. Wanamwambia, mama, Mbogo ni mmoja?"

Naye huko alikokuwa, aliwaza Wamuyu, alikuwa mmoja. Angetokea mtu wa Gachoka hata mmoja, ashuke sokoni Laare aulize mara moja tu, angeelekezwa kwa kidole. Yule kijana alilikataa jina jipya ili mama yake ampate. Yule mama alimkatalia mtoto jina ili mwanawe arudi. Kila mmoja alilikumbatia jina upande wake, akangoja, na hakuna aliyeinuka. Wamuyu aliwakasirikia wote wawili, kwa hasira ile unayowapa watu unaowapenda mno, na alilia mpaka Virginia akachoka kumtuliza, akalia naye.

Alifika Laare wachumaji wakiwa juu ya miti wakiitana. Kitanda kilikuwa nje, kama alivyokiacha. Makandi alikuwa akimlisha mzee uji kwa kijiko, na alipomwona binti yake aliweka bakuli chini akawapisha. Mzee alikuwa amepungua zaidi. Alimtazama Wamuyu usoni, akaogopa kilichokuwa pale.

"Yupo?" aliuliza.

Njiani Wamuyu alikuwa ameandaa maneno mengi, ya Virginia, ya tangi, ya kanisa lililosimama. Yote yakamkimbia.

"Hayupo, Baba."

Mzee alifumba macho. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekubali bei aliyoitarajia. Wamuyu aliona baba yake anamwacha, anaondoka nalo hilo neno moja, akatambua kwamba habari hii haiwezi kusemwa na binti. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Nilikataa," alimwambia. "Kithaka alitaka kulitoa, nikaweka mkono mlangoni. Nikawaambia jina la Mbogo msiguse, Mbogo anakuja. Nilikuwa nakungoja, mwanangu."

Macho yalifunguka. Yalimtafuta muda mrefu, na Wamuyu hakuyakwepa.

"Maitu," alisema mzee.

"Naam."

"Na mimi nilikaa na jina. Walitaka kunibadilisha, nikakataa. Nilisema utauliza."

"Niliuliza. Kila aliyetoka Meru nilimuuliza."

Machozi yalimteremka mzee kuelekea masikioni, naye hakuyafuta. Juu ya mti mchumaji alikuwa akiimba, na mwenzake akamwambia anyamaze. Makandi alisogea kutoka jikoni. Kisha mzee akaanza kusema tena, kwa sauti ndogo, akimtazama Wamuyu kama kijana anayeomba ruhusa ya kutoka.

"Sitafika, Maitu. Unaona mwenyewe. Mtoto wa kwanza atakayezaliwa pale, wampe. Wasiendelee kuningoja." Akapumua. "Lakini ni wewe uliyekataza. Ni mpaka ukubali."

Wamuyu alitaka kukataa. Alitaka kuweka mkono mlangoni kama yule mwingine, aseme ana miguu, atapona, atapanda gari, atakwenda mwenyewe akasimame kanisani na akina Mbogo wenzake wote. Alikiona vizuri sasa kile alichokiona mama yule, kwamba ukilitoa jina, umemtoa mtu. Alimtazama baba yake, mifupa ya mashavu, nywele nyeupe alizonyolewa vibaya, na macho yale yaliyokuwa yameacha kutazama barabarani na kumwelekea yeye.

"Nimekubali," alisema. "Wampe."

Mzee alishukuru kwa Kimbeere, lugha ambayo, zaidi ya lile neno maitu, watoto wake hawakuwahi kumsikia akiisema. Halafu akaomba amaliziwe uji wake, na Wamuyu akachukua bakuli, akamlisha.